Pointi Moja Kabla ya Thruxton

Hadi kufikia Mei 30, 1983, watu wengi wa mbio za magari nchini Uingereza walikuwa wameshaacha kuulizana nani angekuwa bingwa wa Formula 3. Mbrazili wa miaka 23, Ayrton Senna, alikuwa ameshinda mbio zote tisa zilizokuwa zimeshafanyika tangu msimu ulipofunguliwa Machi 6. Silverstone, Thruxton, Donington, Brands Hatch: hakuna uwanja uliomkataa. Msimu ulikuwa na duru ishirini, na hata nusu yake ilikuwa haijafika.

Oktoba 23 mtu huyohuyo alifika Thruxton kwa duru ya mwisho akiwa nyuma kwa pointi moja.

Maisha ya Senna yamesimuliwa sana, na katika masimulizi mengi mwaka 1983 hupewa aya moja tu: alishinda mbio kumi na mbili, akachukua ubingwa, akapanda Formula 1. Ni kweli yote. Lakini anayeufuata msimu huo duru kwa duru atagundua kwamba nusu yake ya pili ilikuwa ya mtu mwingine, Martin Brundle, Mwingereza wa miaka 24 kutoka King's Lynn katika mkoa wa Norfolk. Alipigwa mara tisa na dereva yuleyule, wala hakurudi nyumbani. Ni vigumu kupata katika mbio za vijana mfano bora kuliko huo wa kushindwa bila kukata tamaa, na ni haki ueleweke kwa ukamilifu wake.

Formula 3 ya siku zile ilikuwa mlango ambao vijana wengi waliolenga Formula 1 walipitia. Magari yake yalikuwa ya kiti kimoja, magurudumu yote manne yakiwa nje ya bodi bila kufunikwa, kama ya wakubwa wao, ila nguvu zilibanwa kwa makusudi. Injini ilikuwa ya lita mbili, ya silinda nne, na ilipaswa kutokana na injini ya gari la kawaida linalouzwa kwa wananchi. Hewa yote iliyoingia ndani yake ilipita katika tundu la milimita 24. Matokeo yake ni nguvu za farasi mia moja sitini na kitu, wakati ambapo injini za turbo za Formula 1 mwaka huohuo zilikuwa zimepita mia sita.

Ubano huo ndio unaoifanya ngazi hii kuwa shule. Dereva mwenye farasi mia sita akikosea kona anaweza kukanyaga mafuta akafidia sehemu ya alichopoteza. Wa Formula 3 hana cha kukanyaga. Akipunguza mwendo mahali pasipostahili, kasi hiyo hairudi mpaka mwisho wa barabara iliyonyooka, na kufikia hapo mwenzake ameshapita. Mbio zenyewe zilikuwa fupi, kiasi cha nusu saa, hakuna kusimama kubadili matairi, hakuna nafasi ya kusahihisha kilichoharibika katika dakika ya kwanza.

Zaidi ya hayo, Senna na Brundle walikuwa na gari lilelile. Wote waliendesha Ralt RT3, kazi ya Ron Tauranac, yule mhandisi aliyejenga jina la Brabham pamoja na Jack Brabham. Wote walitumia injini ya Toyota iliyotengenezwa upya na ndugu wa ukoo wa Pedrazzani katika karakana yao ya Novamotor, mjini Novara, Italia. Asili ya injini hiyo ni 2T-G, ya familia ileile iliyokuwa ndani ya baadhi ya Corolla, Carina na Celica za zama hizo, magari ambayo gereji za Afrika Mashariki hazikuwa ngeni nayo. Hata matairi yalikuwa ya kampuni moja, Avon, kwa mujibu wa kanuni za ubingwa. Mmoja alipomshinda mwenzake, kisingizio cha kusema "gari lake ni bora" kilikuwa chembamba.

Senna aliwasili Uingereza mwaka 1981 akitokea kwenye karti, na mwaka huohuo akachukua mataji mawili ya Formula Ford 1600 akiwa na Van Diemen, kiwanda kilichokuwa Norfolk, jirani na uwanja wa Snetterton. Mwishoni mwa mwaka alitangaza kwamba anaacha mbio na akarudi Brazil kusaidia biashara za baba yake. Hakukaa. Mwaka 1982 alirejea na kushinda ubingwa wa Uingereza na wa Ulaya katika Formula Ford 2000, na Novemba akajaribu Formula 3 katika mbio za nje ya ubingwa pale Thruxton. Alianza wa kwanza, akaweka mzunguko wa kasi kuliko wote, akashinda. Watu walioshuhudia hawakuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Kwa msimu wa 1983 alichagua timu ya West Surrey Racing ya Dick Bennetts, mhandisi kutoka New Zealand. Bennetts hakuwa mtu wa kelele. Sifa yake ilikuwa gari lililofungwa kwa usahihi, kila nati mahali pake, kila kipimo kimeandikwa. Timu yake ilikuwa imempa Jonathan Palmer ubingwa huo mwaka 1981. Senna, aliyependa kukaa na mhandisi wake kwa saa nyingi akieleza gari lilifanya nini katika kila sehemu ya kila kona, alikuwa amepata mtu wa kumsikiliza.

Upande wa pili ulikuwa tofauti kabisa. Familia ya Brundle iliuza magari ya Toyota mjini King's Lynn, na Martin alianza kushindana akiwa na umri wa miaka 12 kwenye mbio za uwanja wa nyasi. Baadaye alishindana katika mbio za magari ya kawaida, kisha akaingia Formula 3 mwaka 1982. Hakuwa na mkoba mzito. Timu iliyompokea 1983 ilikuwa ya Eddie Jordan, mtu wa Dublin aliyewahi kuwa karani wa benki kabla ya kuwa dereva, na ambaye sasa alikuwa anaendesha timu yake kwa ulimi mtamu na madeni ya hapa na pale. Inafaa kukumbuka kwamba Jordan ndiye aliyempa Senna gari la Formula 3 alijaribu Silverstone mwaka 1982. Mbrazili alishukuru, akaenda kwingine. Jordan akabaki na kazi ya kumpiga kijana aliyemwona kwa macho yake mwenyewe jinsi alivyo.

Miezi mitatu ya mwanzo kazi hiyo ilionekana haiwezekani. Senna alikuwa na silaha moja ambayo wenzake hawakupata dawa yake: mzunguko wa kwanza. Matairi ya mbio yakiwa baridi hayashiki lami, na dereva wa kawaida huyapa mizunguko miwili au mitatu yapate joto kabla ya kuyaamini. Senna hakusubiri. Alikwenda kasi kamili tangu taa ilipowaka kijani, akilihisi gari likiteleza na kulizuia hapohapo, na wenzake walipokuwa tayari kukimbia yeye alikuwa ameshawaacha kwa urefu wa magari kadhaa. Katika mbio za nusu saa, pengo hilo lilitosha. Kilichobaki ni kulilinda.

Mbio za Jumatatu ya Pasaka, Aprili 4, zilikwenda vivyo hivyo pale Thruxton. Wapenzi wa magari wa Kenya walikuwa na habari nyingine wikiendi hiyo, kwa kuwa Safari Rally ilikuwa inaendelea na Ari Vatanen akaishinda kwa Opel Ascona 400. Ushindi wa Thruxton ulikuwa wa tano wa Senna katika mbio tano. Wa sita ulifuata Silverstone, wa saba Thruxton tena, wa nane Brands Hatch, wa tisa Silverstone.

Na karibu kila mara, nyuma yake alikuwa Brundle.

Hapo ndipo penye hesabu ambayo wengi hawakuipiga. Mshindi wa mbio alipata pointi tisa, wa pili sita, wa tatu nne, na kulikuwa na pointi moja ya ziada kwa aliyeweka mzunguko wa kasi kuliko wote. Kwa maana hiyo kila ushindi wa Senna, mbele ya Brundle aliyemaliza wa pili, ulimwongezea pengo la pointi tatu, au nne akichukua na ile ya ziada. Lakini siku Senna asipomaliza na Brundle akashinda, pointi tisa zilihama kwa mkupuo. Ushindi mara tatu ungeweza kufutwa na jioni moja mbaya. Brundle, kwa kukubali kuwa wa pili wiki baada ya wiki bila kuvunja gari kwa hasira, alikuwa anaweka akiba. Wahenga wa pwani wamesema kutangulia si kufika, na kanuni za pointi za Formula 3 zilikuwa zimeandikwa kana kwamba zinawasikiliza.

Mabadiliko yalianza Juni 12, Silverstone. Duru hiyo ya kumi iliunganishwa na ubingwa wa Ulaya, na wageni kutoka bara waliruhusiwa kutumia matairi mengine badala ya Avon. Kambi ya Jordan iliamua kumfungia Brundle matairi ya Yokohama, akimbie kwa masharti ya Ulaya. Senna alipoona mpinzani wake yuko mbele yake katika muda wa kufuzu, hakuweza kuvumilia. Naye akabadili matairi. Hilo lilikuwa jambo la kujifunza kuhusu moyo wake. Mtu anayeongoza ubingwa kwa kishindo angeweza kuiacha siku hiyo ipite, akachuma alichoweza chini ya kanuni za Uingereza. Yeye alitaka kushinda kila kitu kilichokuwa mbele ya macho yake. Akatoka barabarani. Brundle akashinda.

Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kwa Brundle kusimama kwenye ngazi ya juu kabisa ya jukwaa, na baadaye katika maisha yake hajaficha kwamba siku hiyo ilimbadilisha. Alikuwa amethibitisha kitu ambacho kwa miezi mitatu kilikuwa dua tu.

Wiki moja baadaye walikwenda Cadwell Park, katika mkoa wa Lincolnshire. Ni uwanja mwembamba, wa kupanda na kushuka, wenye kilima kifupi kikali kinachoitwa Mountain ambacho huyanyanyua magari kutoka ardhini. Wakati wa kufuzu Senna alikuwa tayari ana muda bora kuliko wote. Alitoka tena kuupunguza. Gari likamponyoka pale kilimani, likaharibika kiasi kwamba hakuweza kuanza mbio. Brundle akashinda bila kumwona.

Julai 3 zamu ikawa ya Snetterton, nyumbani kwa Brundle. Senna alimfukuza, akamkaribia, akajaribu kupita mahali ambapo hapakuwa na upana wa magari mawili. Wakagusana, Mbrazili akatoka nje, Mwingereza akaendelea hadi bendera. Katika muda wa wiki tatu hivi, msimu uliokuwa umefungwa ukafunguka.

Swali ambalo mashabiki bado hujadili ni hili: je, Brundle alipata kasi mpya, au Senna alijiangusha mwenyewe? Jibu la haki ni yote mawili, na moja lilizaa jingine. Alipokuwa mbele tangu mzunguko wa kwanza Senna hakuwa na haja ya kupita mtu. Brundle na Jordan walipolirekebisha gari lao na kuanza kufuzu karibu naye au mbele yake, ilimbidi apambane bega kwa bega, na hapo ikaonekana kwamba hakuwa na kipimo cha "leo inatosha". Pointi sita za nafasi ya pili, zile zilizomlisha Brundle kwa miezi mitatu, kwake zilikuwa tusi.

Julai 16 alijikusanya. Formula 3 ilikuwa mbio za utangulizi kwenye wikiendi ya Grand Prix ya Uingereza pale Silverstone, mbele ya wakubwa wote wa Formula 1. Senna alishinda. Siku chache baadaye Frank Williams alimpa gari la Formula 1 alijaribu Donington, na kijana huyo, ambaye hakuwahi kugusa chombo cha namna hiyo, mara moja alikuwa na kasi iliyowashangaza wenyeji. Hata hivyo Williams hakumpa mkataba, na wikiendi iliyofuata Senna alikuwa Donington tena ndani ya Ralt yake, akimaliza wa pili nyuma ya Brundle. Ni vizuri kuikumbuka duru hiyo ya kumi na nne. Inaonyesha kwamba aliweza kupokea pointi sita alipotaka. Tatizo ni kwamba hakutaka mara nyingi.

Kisha ikaja Oulton Park, Agosti 6.

Brundle alikuwa anaongoza. Senna alijitupa upande wa ndani akitokea mbali mno, magari yakakutana, na Ralt ya Senna ikaishia juu ya ile ya Brundle. Picha za tukio hilo zinaonyesha gari limepanda gari, na tairi la mmoja karibu na kichwa cha mwingine. Wote wawili walitoka mikono mitupu, na ushindi ukamwangukia Calvin Fish, dereva pekee mbali na hao wawili aliyeshinda duru mwaka ule.

Hakuna namna nzuri ya kumtetea Senna hapo. Wapo wapenzi wake wanaosema dereva asiyetumia nafasi si dereva. Lakini nafasi yenyewe haikuwepo, na aliyekuwa mbele ndiye aliyekaribia kulipa gharama. Brundle ameeleza mara kadhaa jinsi Senna alivyokuwa akimweka mpinzani katika njia panda: ama unampisha, ama mnagongana, na uamuzi anauacha kwako. Miaka saba baadaye, katika kona ya kwanza ya Suzuka, Alain Prost aliwekwa kwenye njia panda hiyohiyo na dunia nzima ikatazama. Waliokuwa Oulton Park mwaka 1983 walikuwa wameshaliona somo hilo. Tofauti ni kwamba Brundle hakumpisha. Alirudi mbio zilizofuata, akajipanga kando yake, akakimbia vilevile.

Mwishoni mwa Agosti Senna alishinda Silverstone, ushindi wake wa kumi na moja. Halafu Septemba ikawa ya Brundle kabisa. Duru ya kumi na saba iliwarudisha Oulton Park, na Senna akatoka tena barabarani huku Brundle akishinda. Wiki moja baadaye, Thruxton, injini ya Senna ikafa, Brundle akashinda. Oktoba 2, Silverstone, uwanja ambao Mbrazili alikuwa ameshinda mara sita msimu huohuo, Brundle alimpiga ana kwa ana, Senna wa pili. Ushindi mara tatu mfululizo. Karani wa zamani wa benki na mtoto wa mwuza Toyota walikuwa sasa wanaongoza ubingwa kwa pointi moja, ikiwa imebaki duru moja tu.

Kulikuwa na wiki tatu za kujiandaa. Kambi ya West Surrey ilihisi kwamba injini yao imechoka, kwa hiyo ilibidi irudi Novara kufunguliwa na kufungwa upya. Kwa kawaida timu huituma kama mzigo. Senna aliipeleka mwenyewe, kwa barabara, kutoka Uingereza hadi kaskazini mwa Italia, akahakikisha imefanyiwa kazi, akairudisha. Wapo watakaosema ni ushirikina wa mwanamichezo. Ilikuwa kazi. Hakutaka kipande kimoja cha msimu huo kipite mikononi mwa mtu asiyejua uzito wake.

Tayari alikuwa pia na mpango wa mzunguko wa kwanza, silaha yake ya zamani, sasa ikiwa imenolewa zaidi. Injini haitoi nguvu zake zote mpaka mafuta yake ya kulainishia yapate joto, na rejeta ya mafuta hayo kazi yake ni kuyapoza. Kwa masimulizi ya waliokuwa karibu na timu, Senna na Bennetts waliziba tundu la kutolea hewa la rejeta hiyo kwa utepe wa gundi, ili mafuta yapate joto haraka na injini iwe tayari kabla ya injini za wengine. Hatari ilikuwa dhahiri: utepe ukibaki, mafuta yatazidi joto na injini itakufa. Ilibidi utolewe mbio zikiwa zinaendelea, na wa kuutoa ni dereva peke yake. Senna alifungua mikanda ya kiti akiwa kwenye mwendo, akanyoosha mkono nje, akaubandua, kisha akaendelea kuendesha huku mikanda ikiwa haijakaza kama inavyopasa. Thruxton ni miongoni mwa viwanja vya kasi kubwa kabisa Uingereza, barabara iliyozungushwa juu ya kiwanja cha zamani cha ndege za kijeshi, na kona zake nyingi hazimwombi dereva apunguze sana. Kufanya jambo hilo mahali pale ni ujasiri unaopakana na wazimu. Mpango ulifaulu. Alipata pengo aliloliwinda mapema, na hakuna aliyelifunga.

Davy Jones, Mmarekani kijana, alimaliza wa pili. Brundle alimaliza wa tatu. Hesabu za mwisho zikasomeka Senna 132, Brundle 123, na Jones akiwa mbali na 77. Tofauti ya pointi tisa inaonekana kubwa kwa anayesoma jedwali tu, lakini kanuni zilihesabu matokeo bora pekee ya kila dereva na kutupa mabaya yake. Kanuni hiyo ilimbana zaidi Brundle, aliyemaliza mbio nyingi, kuliko Senna ambaye katika mbio mbaya hakuwa amepata kitu cha kutupa. Katika duru ishirini mmoja alishinda kumi na mbili, mwingine saba. Mbali na ile moja ya Fish, mwaka mzima ulikuwa mali ya watu wawili.

Rekodi ya Senna ya mbio kumi na mbili ilidumu zaidi ya muongo mmoja, hadi Mdenmaki Jan Magnussen aliposhinda kumi na nne kati ya kumi na nane mwaka 1994. Magnussen alikimbia bila mpinzani wa kiwango cha Brundle, na hata hivyo kazi yake ya Formula 1 haikuwa ndefu. Mtu anaweza kubisha, ila inaonekana wazi kwamba msimu mgumu ulimfundisha Senna mambo ambayo zile mbio tisa za mwanzo zisingemfundisha kamwe. Mwezi mmoja baada ya Thruxton alikwenda Macau, ambako Grand Prix ya mji huo ilikimbiwa kwa mara ya kwanza kwa magari ya Formula 3, katika mitaa yenye kuta pande zote. Alishinda mbele ya Roberto Guerrero na Gerhard Berger.

Waliokuwa karibu na msimu ule walitawanyika. Davy Jones alishinda Saa 24 za Le Mans mwaka 1996. Maurício Gugelmin, Mbrazili aliyekuwa akiishi nyumba moja na Senna huko Uingereza, alichukua ubingwa uleule mwaka 1985 akiwa na Bennetts. Eddie Jordan alianzisha timu yake ya Formula 1 mwaka 1991, akampa Michael Schumacher mbio zake za kwanza za Formula 1 pale Spa, na akafariki Machi 2025. Ubingwa wenyewe wa Formula 3 ya Uingereza, baada ya kuwalea mabingwa kwa miongo kadhaa, ulifungwa mwishoni mwa 2014 pale vijana na fedha zao walipohamia mashindano ya bara zima la Ulaya.

Brundle hakushinda Grand Prix hata moja kati ya 158 alizoanza. Alikuwa bingwa wa dunia wa magari ya michezo mwaka 1988 na mshindi wa Le Mans mwaka 1990, mara zote mbili akiwa na Jaguar, na leo mashabiki wengi wanamfahamu kwa sauti yake kwenye matangazo ya televisheni. Swali la wazazi na wafadhili wa madereva vijana huwa ni moja: "Ameshinda ngapi?" Kwa kipimo hicho Brundle wa Mei 1983 angetimuliwa. Timu zinazochuja vijana leo kwa mwaka mmoja, wakati mwingine kwa nusu mwaka, zingefanya vema kulichukua jedwali la msimu ule na kulisoma kuanzia duru ya kumi.

Machi 25, 1984, wote wawili walianza maisha yao ya Formula 1 siku moja, kwenye uwanja wa Jacarepaguá mjini Rio de Janeiro, Senna akiwa na Toleman na Brundle akiwa na Tyrrell. Turbo ya Senna iliharibika mapema mbele ya mashabiki wa nchi yake. Brundle alimaliza wa tano. Baadaye mwaka huohuo timu ya Tyrrell ilipatikana na hatia ya kukiuka kanuni za kiufundi, na matokeo yake yote ya msimu, pamoja na nafasi hiyo ya tano, yakafutwa.